Sindano ya Mapumziko

Tusizungushe maneno: siku ile juha alikuwa Rajmund Pyka. Si refa, ingawa refa alitukanwa yeye na bibi yake mzaa mama. Si daktari, ingawa mkono ulioshika sindano ulikuwa wake. Rajmund mwenyewe alikuja kukiri baadaye, tena bila kubanwa, akiwa amekaa jikoni kwake na soksi mguu mmoja: "Ula, juha nilikuwa mimi." Mkewe Urszula alikuwa anamenya viazi, naye hakumbishia. Urszula hapotezi pumzi kwa jambo lililo wazi.

Lakini kabla ya ujuha palikuwa na kiungo wa mpira, na kiungo haswa. Rudowa ni mji wa makaa ya mawe, na kwetu kiungo si mtu wa madoido. Washambuliaji waende wakapigwe picha. Kiungo kazi yake ni ile ya baba yake chini ya ardhi: kuchimba, kubeba, kupandisha juu, halafu kukohoa. Rajmund aliichimbia timu ya Barbara tangu hajaota ndevu za maana. Timu inaitwa jina la mtakatifu wa wachimbaji, na sanamu yake imesimama kwenye njia ya kuingilia uwanjani. Kila mchezaji humgusa vidole vya mguu akipita, na kwa miaka yote hiyo vidole vimelika hata mtakatifu anaonekana kama amevaa soksi.

Timu ya taifa ilimwita Rajmund mara moja. Aliingizwa mwishoni mwa mechi ya kirafiki, mvua inanyesha, akagusa mpira mara mbili, akampiga Mmoldova mtama, akapewa kadi ya njano. Kadi hiyo ndiyo historia yake ya kimataifa. Ukikaa naye karibu na bia huwezi kukosa kuisikia, na kila mwaka yule Mmoldova anazidi kurefuka.

Kisha goti la kulia likaanza kulalamika. Kocha enzi hizo alikuwa mzee Wilim, mtu mwema, na mzee Wilim alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote: sindano ya ganzi. Goti linauma, sindano. Nyonga inauma, sindano. Unaingia uwanjani mguu haujui kama ni wako, unacheza, na maumivu unayakuta yamekusubiri nyumbani kama mke aliyepika. Hakuna aliyeona ajabu. Mchezaji aliyekataa sindano alihesabiwa kama mchimbaji aliyebaki juu anaota jua wakati wenzake wako shimoni. Hakupigwa, hakutukanwa. Watu waliacha tu kumsogezea kiti.

Rajmund hakukosa kiti hata siku moja. Alichomwa mpaka asubuhi moja goti likakataa kupanda ngazi za kanisa, na hapo ukawa mwisho wa kiungo. Watu wakambandika jina la Korongo, yule ndege, kwa jinsi anavyosimama kwa mguu mmoja. Akasomea ukocha, akafundisha watoto, akawa msaidizi wa mzee Wilim. Mwezi wa Machi mzee alipoanguka kwa kiharusi, timu inaburura mkia, wakubwa wa klabu wakageuka kutafuta kocha na kumwona Rajmund, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu.

Wakati huo mgodi ulikuwa umeshafungwa. Baada ya mgodi likafungwa duka la nyama, baada ya duka la nyama ikafungwa sinema, na padri mwenyewe akawa anakuja Jumapili tu kutoka mji wa jirani. Kilichobaki Rudowa ni Barbara. Wanaume waliozoea kushuka shimoni pamoja walibaki na mahali pamoja tu pa kukutana na kupiga kelele, napo ni uwanjani. Kwa hiyo ilipofika mechi ya mwisho, wakihitaji sare wasishuke daraja, Rajmund alikuwa hapati usingizi. Alikuwa anapanga wachezaji kwenye meza ya jikoni kwa vifuniko vya chupa, na kila alivyopanga, kifuniko cha katikati kilikuwa Denis Buchta.

Denis alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Gizela wa duka la mikate. Alicheza kama ambavyo Rajmund angecheza endapo Mungu asingekuwa bahili. Klabu moja ya Wajerumani ilikuwa imemtazama mara kadhaa, na mwezi wa Julai alitakiwa kwenda kupimwa afya na kutia saini. Mama yake alikwisha kumnunulia sanduku. Halafu Jumatano, mazoezini, akakanyaga vibaya, na kifundo cha mguu kikavimba.

Jumamosi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Daktari Mazurek alikishika kile kifundo na kukigeuza taratibu. Kilikuwa na rangi ya zambarau.

"Hapa kuna kitu kimechanika," alisema. "Acheze leo, Julai hana mguu wa kumwonyesha Mjerumani."

"Kuna kitu kimechanika, au kimevutika?" Rajmund akauliza.

"Mimi si mpiga ramli, Rajmund. Mpelekeni hospitali apigwe picha."

"Jumatatu tutampeleka. Leo mchome moja."

Bercik, mtunza jezi, mzee mwenye mdomo kuliko umri wake, akadakia kutoka kwenye kapu la soksi: "Mchome, daktari! Kocha wetu alichomwa hata akawa anavuja akinywa chai!"

Wakacheka wote. Denis naye akacheka, maana alikuwa kijana mwenye adabu na mzaha wa wakubwa haukataliwi. Daktari akachoma. Dakika chache baadaye Denis alikuwa anarukaruka mbele ya sanamu ya Barbara, akamgusa vidole, akaingia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kichungu. Wageni wakafunga mapema, kwa kichwa, mabeki wetu wawili wakiwa wanapeana njia kama wageni mlangoni. Uwanja ukanyamaza hata ukawa unasikia bendi ya wachimbaji, wale wazee wa tarumbeta, wakimeza mate. Kisha Denis akaupokea mpira katikati, akageuka kwa ule mguu wenye ganzi, akapasua pasi ambayo kipofu angeifunga. Ikafungwa. Bao moja kwa bao moja. Wazee wa tarumbeta wakapuliza mpaka mmoja ikabidi akalishwe chini.

Mapumziko yalipofika, Denis aliingia chumbani ameshika ukuta.

"Inatoka, bwana kocha," alisema kwa sauti ndogo. "Ganzi inatoka."

Rajmund akamtazama daktari. Daktari akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Ya pili sichomi. Sikiliza, ganzi haiponyi kitu. Maumivu ni mlinzi wa nyumba, na wewe unataka nimzibe mdomo mlinzi. Mwizi yumo ndani bado!"

"Dakika arobaini na tano, daktari."

"Mguu anao wa maisha."

Sasa, Rajmund angeweza kusema: Denis, vua. Mwingine avae. Alikuwa na kijana mwingine wa kati, mzito kidogo lakini mzima. Neno lilimfika kwenye meno. Nje watu walikuwa wanaimba wimbo wa mgodi, ule wa kushukia zamu, na ukuta mzima ulikuwa unatetemeka. Akalimeza.

Na hapo ndipo alipofanya lile la kijuha. Hakuamrisha. Angeamrisha, pengine mtoto angekataa. Alikaa kwenye benchi mbele ya Denis, akakunja suruali mpaka juu ya goti, akamwonyesha. Makovu yale yamekaa kama reli za kituo kikubwa, zinaingiliana, zinaachana. Rajmund aliyaonyesha jinsi wengine wanavyoonyesha nishani.

"Unaona hapa? Mechi ya kupanda daraja. Hapa, nusu fainali. Hapa sikumbuki, nilikuwa nimechomwa mno." Akashusha suruali. "Mimi sikulazimishi, mwanangu. Uamuzi ni wako."

Kwetu hakuna maneno mazito kuliko hayo. Baba humwambia mtoto hivyo akimpeleka shimoni siku ya kwanza. Denis alitazama chumba. Nahodha alikuwa anafunga kamba za viatu. Golikipa alikuwa anafunga kamba za viatu. Hata waliokuwa bado hawajavaa viatu walikuwa wameinama. Bercik, aliyekuwa hajawahi kukosa neno, alikuwa anakunja taulo lililokwisha kunjwa.

"Choma," Denis akasema.

Daktari Mazurek alimtazama kijana, akamtazama kocha, akafungua mkoba. Baadaye alieleza kwamba alichoma kwa sababu mgonjwa mwenyewe aliomba. Kila mtu Rudowa siku ile alikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa nzuri.

Kipindi cha pili Barbara hawakucheza, walizuia. Rajmund alimaliza mabadiliko yake yote kwa kuingiza mabeki, mmoja baada ya mwingine, mpaka langoni kukawa kama foleni ya mkate zamani zile. Alisimama kando ya mstari kwa mguu mmoja, ule mwingine ameupumzisha, anapiga mayowe hata sauti ikakwama. Denis alikuwa kila mahali. Alikuwa anakimbia vizuri, vizuri mno, na daktari kwenye benchi alikuwa ameinamisha kichwa hataki kutazama.

Zilibaki dakika chache. Winga wa wageni akaingia ndani na kupiga shuti. Denis akajitupa kulizuia. Mpira ukampiga ukatoka. Mguu wake ulikuwa umekita kwenye nyasi, na mwili ukaenda peke yake. Waliokuwa karibu walisikia kitu kama tawi kavu likivunjika. Rajmund hakusikia, watu walikuwa wanashangilia. Alichokiona ni Denis anasimama, anaanza kukimbia kurudi nafasi yake, na anakimbia kwa namna ya mtu aliyekosea ngazi gizani.

"Funga kiatu!" Rajmund akapaza sauti. "Denis! Kiatu kimekutoka! Funga kiatu, we mtoto!"

Upande wa jukwaa la karibu watu wakacheka. Mtu mmoja akapiga kelele: "Mnunulieni viatu vya ndara!" Yule winga wa wageni alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono, na mkono wa pili ameuinua anamwita refa.

Denis alikuwa mtiifu. Kocha kasema afunge kiatu, akainama afunge kiatu. Akakuta kamba zimefungwa vizuri kabisa, mafundo mawili, kama alivyofundishwa na mama yake. Kilicholegea ni mguu. Kiatu kilikuwa kinatazama jukwaa na goti linatazama lango.

Hakulia. Aliinua uso akamtafuta Rajmund kwenye mstari, akamwambia, kama mtu anayetoa taarifa kazini: "Bwana kocha, hauumi."

Walimbeba. Barbara walimalizia mechi wakiwa pungufu, wakapiga mipira nje, juu, kwenye mabomba ya moshi, popote, mpaka refa akachoka nao akapuliza. Sare. Watu wakabomoa uzio kwa furaha. Wachimbaji wazee wakamnyanyua Rajmund mabegani, wakamzungusha uwanja mzima, tarumbeta mbele na mabango ya sherehe nyuma. Na Rajmund, tusimpake rangi, hakukataa kunyanyuliwa. Huko juu alilia, na watu wakadhani analia kwa ajili ya daraja. Naye, kwa muda, alidhani hivyo hivyo.

Jumapili mchana Urszula alitengeneza chakula cha Jumapili kama kawaida: nyama ya kuviringisha, maandazi ya viazi yenye shimo katikati, kabichi nyekundu. Rajmund hakula. Urszula akachukua sufuria ndogo, akapakia, akaifunga kwa kitambaa.

"Mpelekee mtoto," alisema. "Hii ipeleke. Maneno yaache hapa nyumbani."

"Lazima nimwambie kitu, Ula."

"Huna lazima. Nakujua. Mpe sufuria, kaa, nyamaza, rudi."

Rajmund akachukua sufuria. Na maneno akayachukua vilevile, akayapanga njiani kama alivyopanga vifuniko vya chupa.

Hospitalini alimkuta Denis mguu umening'inizwa, vyuma vimechomoza kwenye bendeji. Kando ya kitanda alikaa Gizela, mama yake, bado na unga kwenye mikono ya sweta. Gizela na Rajmund walisoma darasa moja. Alikuwa hajawahi kumwita kocha.

"Tazama, Korongo kaja na sufuria," alisema. "Utadhani kaja kuposa."

"Szczęść Boże, Gizela." Ndiyo salamu ya wachimbaji kwetu, ya kuombeana heri ya Mungu.

"Heri ilipita jana, hukuiona? Ilikuwa inapiga tarumbeta chini ya dirisha langu."

Rajmund akaweka sufuria kwenye kimeza. Hakuketi. "Madaktari wamesemaje?"

"Wamesema atatembea," Gizela akajibu. "Walivyolisema, ungedhani wananikabidhi zawadi ya Krismasi. Na Wajerumani walipiga simu asubuhi. Wametoa pole. Wana adabu sana wale watu, wametoa pole mara mbili kisha wakakata."

"Mji mzima unamwombea, Gizela. Mtaa mzima. Asingekuwa yeye, leo tungekuwa tunacheza na timu za vijijini, kuku wanapita uwanjani."

"Na kuku wangemvunja mguu?"

Rajmund akamgeukia kijana, akidhani huko kuna unafuu. "Denis, nilikuuliza. Unakumbuka? Sikukulazimisha. Nilisema uamuzi ni wako."

"Nakumbuka, bwana kocha." Denis alikuwa mweupe kama shuka alilolalia, na alizungumza polepole kwa sababu ya dawa. "Uliniuliza mbele ya watu ishirini wanaotazama viatu vyao."

"Wote tulipitia hapo! Mimi nilichomwa miaka na miaka. Goti hili, nyonga hii. Nimekufa? Sikufa."

"Hukufa," Gizela akasema. "Ungekufa, asingekuwepo wa kukunja suruali."

Rajmund akajua kwamba habari ya suruali imeshafika mjini. Alishika chuma cha kitanda. Hapo angekumbuka ya mkewe angenyamaza, angeketi, angefungua sufuria. Lakini alikuwa amebakiwa na neno moja, la mwisho, lililo zuri kuliko yote, alilokuwa analitunza tangu kwenye basi. Na kwa kweli alilisema kwa moyo safi. Hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya habari hii.

"Sikiliza, mwanangu. Mpira haujaisha. Mpira haukai miguuni tu, uko na kichwani, na wewe kichwa unacho. Nimeshazungumza na wakubwa. Ukipona kidogo, unakuja kukaa na mimi kwenye benchi. Msaidizi wangu. Nitakusomesha ukocha, nitakufundisha kila kitu ninachokijua. Mimi pia ilikuwa hivyo hivyo. Goti lilipokufa, mzee Wilim alikuja hospitali, akasimama pale pale miguuni pa kitanda, akaniambia, usijali, Rajmund, utakuwa msaidizi wangu. Na nikawa. Na leo mimi ndiye kocha. Siku moja mimi nitachoka, na timu itakuwa yako. Unaona? Hakuna kilichopotea. Tunapokezana tu, kama zamu."

 Gizela alimtazama mwanawe.

Denis aliutazama mguu wake uliofungwa juu, kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akitunze. Kisha akamtazama Rajmund, bila hasira hata chembe.

"Na zamu yangu ikifika, bwana kocha," akauliza, "nimchome nani?"